Supu Isiyo na Chumvi

"Kwa hiyo siku hizi mbwa naye anapikiwa?"

Mama aliuliza bila kunitazama, akiwa amechuchumaa kando ya mafiga, akisukuma ndani mabua ya pamba yaliyobaki. Ilikuwa Julai mwaka jana. Nilikuwa nimerudi nyumbani Songwa, wilayani Kishapu, kwa likizo ndefu ya chuo. Motoni kulikuwa na sufuria ndogo nyeusi, na ndani yake mifupa ya mbuzi ambayo nyama yake tulikuwa tumeila mchana. Sikuwa nimetia chumvi wala kitunguu. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake, kidole mdomoni, akiiangalia sufuria.

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala kwenye majivu yaliyopoa, pembeni. Anaitwa Mtasema. Kwetu jina la mbwa mara nyingi ni barua kwa majirani. Mtu akiona anasemwa sana, hatoki kwenda kugombana na yeyote. Anapata mtoto wa mbwa, anampa jina, kisha anamwita kwa sauti asubuhi na jioni, na mwenye masikio anasikia. Baba alipofariki, mama aliamua kubaki kwenye mji wake na kulima dengu na pamba mwenyewe, na watu walikuwa na maoni. Mbwa akaitwa Mtasema. Miaka kumi na moja mama amesimama uani akiita "Mtasema! Mtasema!", na siku hizi hakuna anayesema tena, lakini jina limebaki.

Sasa Mtasema ni mzee. Meno ya mbele yamelika, mawili ya nyuma yamevunjika. Ugali mkavu anaunusa na kuuacha. Mifupa aliyoipenda anaibeba, anailamba, anaiweka chini. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Ndiyo maana nilikuwa nampikia supu.

Sikumjibu mama vizuri. Nilisema tu, "Meno hana, mama." Akaniambia, "Na mimi nikikosa meno?" Tukacheka wote wawili. Lakini swali lake la kwanza lilibaki, na nimekaa nalo mwaka mzima. Ninasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na nimeandika kurasa nyingi kuhusu maswali ambayo hayajawahi kuninyima usingizi. Hili la supu ya mbwa lilininyima.

*

Lazima nianze na mbwa mwingine, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nijifunze kupika.

Nilikuwa na miaka kumi dada yangu mkubwa alipoolewa. Ng'ombe alichinjwa, mbuzi wakachinjwa, kuku sikumbuki ni wangapi. Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Simba, mwekundu, kijana, mkali kwa fisi na mpole kwangu. Sherehe ilipokwisha niliona mlima wa mifupa kwenye masinia na nikaona Simba amefungwa nyuma ya zizi, hajala siku nzima. Nikajaza beseni. Mifupa ya kuku, mbavu za mbuzi, vipande vya uti wa mgongo vilivyopikwa mpaka vikalainika, na juu yake nikamwagia mchuzi wote uliobaki, wenye vitunguu na mafuta yaliyoganda. Nilisimama nikimwangalia akila. Nakumbuka furaha ile vizuri kuliko ninavyoikumbuka harusi yenyewe. Nilijiona mtu mwema.

Siku ya pili Simba hakuamka kuja kwangu. Alitapika. Alijikunja kama anayetaka kujisaidia, akatoa damu. Siku ya nne akafa chini ya mti wa mkuyu, na mjomba akamzika.

Hakuna mtu aliyeuliza alikula nini. Watu wazima waliuliza nani amemwekea sumu. Jina la jirani mmoja likatajwa, mzee ambaye mwaka ule alikuwa amelalamika kwamba Simba anamfukuzia kuku. Hapakuwa na ushahidi, na hapakuwa na haja ya ushahidi. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana moto na jembe ziliacha kusalimiana. Wanangu wa umri wangu kutoka kwake, niliokuwa nikicheza nao, wakaacha kuja.

Msomaji asiyetoka Usukumani anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Mkoa wa Shinyanga unajua gharama ya tuhuma. Kwetu kuni ni shida, kwa hiyo wanawake hupika kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, na moshi wa miaka mingi huwafanya macho yawe mekundu. Na kuna vikongwe waliouawa kwa panga kwa sababu ya macho hayo, wakidaiwa kuwa wachawi. Tuhuma inapoanza, haijali kama ilianzia kwenye kifo cha mtoto, cha ng'ombe au cha mbwa. Kwetu iliishia kwenye kimya. Tulikuwa na bahati.

*

Nilijifunza kumpikia mbwa Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza wa uzamili nilihitaji fedha, nikapata kazi ya jioni kwenye nyumba moja Mbezi Beach: kutembeza mbwa wawili na kuwapa chakula. Mama mwenye nyumba alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa friji, na pale juu, kwa herufi kubwa, aliandika vitu ambavyo mbwa hapewi. Mfupa uliopikwa. Kitunguu maji, kitunguu saumu. Chumvi. Mafuta mengi. Zabibu. Chokoleti. Niliisoma karatasi ile nikiwa nimesimama na bakuli mkononi, na beseni la harusi likanirudia zima. Nilikuwa nimempa Simba karibu nusu ya orodha kwa mlo mmoja.

Baadaye nilisoma sababu, na nitaziandika hapa, kwa kuwa inawezekana msomaji naye ana mbwa na ana sherehe mwezi ujao.

Mfupa mbichi una unyevu na unapinda kidogo. Ukipikwa hukauka na kuwa mwepesi kuvunjika, na unapovunjika hutoa ncha kama za mwanzi. Ncha hizo zinaweza kukwama kooni, kutoboa utumbo au kuuziba. Mfupa wa kuku ndio mbaya zaidi. Kitunguu kina kemikali ambazo mwili wa binadamu huzimudu lakini kwa mbwa huharibu chembe nyekundu za damu, zikapasuka kuliko anavyoweza kutengeneza nyingine. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumletea madhara. Kwa mbwa wetu wa kilo kumi na tano hivyo ni vitunguu viwili au vitatu, kiasi kisichopungua katika mchuzi wa sherehe. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kitunguu kikiyeyuka, sumu iko ndani ya mchuzi. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Kidogokidogo kila siku nacho kinaumiza, ila polepole. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kuwasha kongosho, na mbwa akatapika na kuumwa tumbo vibaya.

Supu salama, basi, ni supu maskini. Unachukua mifupa, unaiosha, unaitia maji yaifunike, unaiacha ichemke kwa moto mdogo saa kadhaa. Hutii kitu. Ukiipua unachuja, na mifupa yote unaitoa, hata ile inayoonekana laini. Unaifukia au unaitupa chooni, mahali ambapo mbwa hatafika. Unaiacha supu ipoe. Usiku wa Julai kwetu ni baridi, mafuta ya mbuzi huganda juu yenyewe na unayaondoa kwa kijiko kama utando wa maziwa. Kama huna friji, na sisi hatuna, unapika kidogo cha kuisha siku hiyo hiyo, na kilicholala unakichemsha upya au unakimwaga. Na supu peke yake si chakula. Ni maji yenye ladha na virutubisho kidogo. Unalainishia ugali wa dona, unatia dagaa wa ziwani waliokaushwa juani bila chumvi, ukiwa umewasaga. Mbwa asiye na meno anakula hivyo.

Mfululizo huo wote hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kujua. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa na kila kitu alichohitaji Simba isipokuwa hicho.

Ndipo nikapata wazo langu la kwanza kuhusu jambo hili, ambalo bado naliamini. Huwa tunasema mtu ana moyo mzuri, kana kwamba moyo ukiwa mzuri kazi imekwisha. Lakini anayelishwa hali moyo wa anayemlisha, anakula kilichomo kwenye bakuli. Mbwa hawezi kusoma karatasi ya mlangoni. Hawezi kukuuliza umetia nini. Anakuamini, na imani hiyo inakudai ujue. Mgonjwa humdai daktari vivyo hivyo, na mtoto humdai mama. Kadiri anayepokea anavyokuwa hana njia ya kukukagua, ndivyo wajibu wako wa kujua unavyokuwa mzito. Mapenzi bila kujua ni kujifurahisha tu, na furaha yangu ya siku ya harusi ilikuwa hiyo.

*

Lakini mama hakuwa anauliza kuhusu usalama. Alikuwa anauliza kuhusu haki. Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka sita anayekula nyama mara moja kwa wiki, mbwa anapikiwa kwa sababu gani?

Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alichapisha makala akiwafikiria watu waliokuwa wakifa kwa njaa na vita Bangladesh. Hoja yake: kama unaweza kuzuia jambo baya sana bila kupoteza kitu chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo, unapaswa kulizuia. Mwaka 1975 akatoa kitabu kikitetea wanyama, akidai kwamba maumivu ni maumivu, awe nayo mtu au mnyama. Jeremy Bentham alikuwa ameligusa hilo tangu 1789 kule Uingereza. Darasani tunasoma kazi hizo mbili za Singer kwa wiki tofauti. Jikoni kwa mama zilikutana. Mtoto alikuwa upande huu wa sufuria, mbwa upande ule, na mabua ya pamba yalikuwa yanaisha.

Immanuel Kant aliligawa dunia kwa namna nyingine. Kuna vyenye bei, alisema, na kuna wenye utu, ambao hawana bei. Kutoka kwetu mpaka mgodi wa almasi wa Mwadui si mbali; mzungu aliyeugundua mwaka 1940, John Williamson, jina lake bado liko kwenye mgodi. Mwaka 1947 lilitoka pale jiwe la rangi ya waridi la karati 54 na nusu, likapelekwa Uingereza likiwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Kwa hiyo bei tunaijua. Kwa Kant, mbwa yuko upande wa vitu. Lakini katika mihadhara yake anamtaja mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu mpaka akazeeka, na anasema bwana huyo anapaswa kumtunza mpaka afe. Sababu yake ni kwamba mtu anayemtupa mtumishi mzee wa miguu minne anaua ndani yake hisia atakazozihitaji kwa binadamu wenzake.

Nilimwambia mama hoja hiyo, bila kutaja Mjerumani. Nilisema, "Mtasema amelinda mbuzi wako miaka kumi na moja. Hii si sadaka, ni kiinua mgongo." Mama alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Kiinua mgongo anakielewa. Marehemu baba alihangaikia chake kwa muda mrefu. Alisema, "Hapo sawa. Mbwa amefanya kazi."

Nilipaswa kufurahi, lakini usiku ule niliona hoja yangu inavuja. Kama supu ni mshahara, mbwa ambaye hakulinda chochote hana haki. Mbwa koko wa stendi ya Maganzo, anayelala chini ya meza za wauza mahindi, hana mtu wa kumlipa. Na mtoto wa miaka sita naye hajalinda chochote. Sisi hatumlishi kwa kuwa alifanya kazi. Tunamlisha kwa sababu ana njaa na yuko kwetu.

Yuko kwetu. Nadhani hapo ndipo penyewe. Watu wa dini wamelijua hili zamani. Kuna mwanamke Mkanaani katika Injili ya Mathayo anayejibu kwamba hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani, na jibu hilo linampatia alichokuja kuomba. Kuna hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Na hii ni katika mapokeo yaleyale yanayoagiza chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba. Unaweza kuosha chombo na bado ukashuka kisimani. Na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Sijawahi kukutana na mtu kijijini aliyeisoma, lakini nimekutana na wengi wanaojua kwamba mbwa uliyemfunga kamba hawezi kwenda kujitafutia, kwa hiyo njaa yake ni yako.

*

Afisa mifugo alipita wiki ile kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Alikuta sufuria yangu, akauliza, akaelezwa. Hakucheka. Alisema jambo lililomgeuza mama kuliko Kant.

Aliuliza mbuzi wakichinjwa, mapafu na maini yenye malengelenge ya maji tunayafanyaje. Mama akasema tunamrushia mbwa, kwani nani atakula? Akasema hapo ndipo hatari ilipo. Malengelenge yale ni watoto wa tegu mdogo sana. Mbwa akiyala mabichi, tegu wanakomaa kwenye utumbo wake na mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya. Mtoto anamshika mbwa, anatia mkono mdomoni, na malengelenge yaleyale yanaota kwenye ini au mapafu ya mtoto, polepole, miaka mingi bila kuonekana, mpaka pengine apasuliwe. Ugonjwa huo unajulikana sana kwa wafugaji, Waturkana wa Kenya na Wamaasai wa kwetu. Dawa yake ya kwanza ni kufukia viungo hivyo au kuchemsha kila kitu kabla mbwa hajala.

Mama alimtazama mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa amemkumbatia Mtasema shingoni. Toka siku hiyo sufuria ya mbwa ikapata nafasi yake jikoni.

Ningependa kuishia hapo, mbwa ameshiba na mtoto yuko salama, kila hoja inaelekea upande mmoja. Lakini najua nilichokifanya hapo ni kukimbia swali. Nilikuwa nimepata sababu ya kumlisha mbwa kwa manufaa ya mtu. Nikiondoa tegu, nikiondoa fisi na wezi wa mbuzi, Mtasema bado amelala kwenye majivu na bado mbavu zinahesabika. Je, namdai mama mabua ya pamba kwa ajili yake tu?

*

Jibu nililipata kwa aibu.

Mwishoni mwa Julai supu ilianza kumrudishia Mtasema mwili, nami nikapata ari. Kila tulipokula nyama nilibakiza kipande, nikikinyofoa vizuri kutoka kwenye mfupa, nikakitia kwenye bakuli lake. Ni sehemu yangu, nilijiambia; simnyimi mtu.

Jumapili moja dada alikuwa amekuja kututembelea. Akaniona ninanyofoa. Alisubiri mama atoke, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua hiyo nyama ni ya nani?" Nikasema ni yangu. "Yako ilikuwa vipande viwili. Umewekewa vinne. Tangu umekuja mama anakula ugali na mlenda, anasema nyama inamsumbua tumbo. Haimsumbui. Anasema msomi anarudi Dar amekonda, watu watasema."

Sikuweza kumeza. Nilikuwa nimekaa mwezi mzima nikimpa mbwa nyama ya mama yangu, nikiita ukarimu. Mara ya kwanza, nilipokuwa na miaka kumi, wema wangu ulilipwa na Simba, na labda na jirani. Mara hii ulilipwa na mama, kimyakimya, kwa tabasamu. Mara zote mbili mimi ndiye niliyebaki na hisia nzuri.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la mama siku ya kwanza lilikuwa na neno nililolipita. Alisema mbwa *anapikiwa*. Anapikiwa na nani? Kwa kuni zilizobebwa na nani? Maji ya sufuria ile yalichotwa na dada na mama. Mabua yalibebwa kichwani na mama. Mimi nilichangia mifupa ambayo hata hivyo ilikuwa itupwe, na maarifa niliyoyapata kwa kubahatika kwenye friji ya mtu.

Kwa hiyo nafikiri hivi sasa. Ndiyo, Mtasema anastahili supu kwa ajili yake mwenyewe, hata kama asingelinda mbuzi hata mmoja, kwa sababu tulimchukua akiwa mdogo na kumfanya asiweze kuishi bila sisi. Mtoto anatangulia, sina shaka, na sijakutana na mtu kijijini mwenye shaka. Lakini "mtoto anatangulia" haina maana kwamba mbwa hafuati. Na anayeamua mbwa afuate lazima gharama ianzie mgongoni kwake, si kwa mtu aliye kimya zaidi nyumbani. Kabla ya kuuliza kama supu ni salama kwa mbwa, ulize pia kama imetoka mahali salama.

Kuanzia siku iliyofuata nilikwenda kukata kuni mwenyewe. Nilichota maji. Sufuria ya mbwa ilikaa kwenye moto uliokwisha kuivisha maharage, ikimalizia joto ambalo lingepotea. Supu ya kwanza ya mifupa, yenye chumvi na kitunguu, ilikuwa ya mtoto na mama, na nilikaa pale mpaka mama akanywa. Alilalamika kwamba namfanya mgonjwa. Maji ya pili, ya mifupa ileile iliyooshwa, yalikuwa ya Mtasema. Kama kitunguu kilikuwa kimegusa mifupa kwa muda mrefu, siku hiyo Mtasema alikula ugali wa dagaa tu.

*

Kabla sijarudi Dar nilikwenda kwa yule mzee jirani. Miaka kumi na sita. Salamu za barabarani zilikuwa zimerudi siku nyingi, lakini hakuna aliyekuwa ameingia kwa mwenzake na kuketi.

Nilimwamkia, akanipa kigoda. Nikamweleza yote: harusi, beseni, mifupa, vitunguu. Nikamwambia, "Mzee, mbwa yule nilimuua mimi. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa. Na nimechelewa kukwambia kwa sababu niliona haya."

Alinyamaza muda mrefu, akichora chini kwa fimbo. Kisha akasema, "Wiki ile ya harusi mimi niliweka dawa ya panya kwenye ghala. Nilichanganya na pumba. Asubuhi nikakuta pumba imetawanywa nje. Nikasema ni kuku. Mbwa wenu alipokufa na damu, nikasema hapana, si kuku."

"Hukusema."

"Ningesema vipi? Walikuwa wamekwisha kunitaja. Ningesema, wangesema ni kweli alikusudia."

Tulikaa. Kuku zake zilikuwa zinapekua karibu na miguu yetu. Dawa ya panya huweza kumfanya mbwa atoe damu, na mfupa vilevile. Simba amezikwa chini ya mkuyu na hakuna wa kutueleza. Mzee amebeba kifo kile miaka kumi na sita na mimi nimekibeba tangu siku ya karatasi ya friji, na inawezekana mmoja wetu alikuwa anabeba mzigo usio wake. Sijui ni nani, na nimeona kwamba hainipunguzii wajibu wowote. Beseni lile lilikuwa la hatari, awe alikufa kwalo au la.

Niliponyanyuka alinisindikiza mpaka kwenye mnyaa wa mpaka. Mbwa wake, jike dogo jeupe lenye watoto, lilikuwa linatufuata. Akaniuliza, "Sasa hata supu ya nyumbani, ile tuliyobakiza, hapewi?"

"Kama ina kitunguu, mzee, hapewi."

"Na mifupa?"

"Ichemshe, mpe maji yake. Mifupa yenyewe fukia."

Alitikisa kichwa, akimwangalia jike lake. "Chumvi je?"

"Usitie."

"Itakuwa haina ladha," alisema.

Mama naye alikuwa ameniambia hivyohivyo, akionja kwa kidole.